Kutoka Kiganda hadi Vugizo

Mutanga Nord imekaa upande wa kaskazini wa mto Ntahangwa, mto ambao kiangazi mtoto huuvuka kwa miguu na masika huzoa kingo pamoja na nyumba za watu. Ng'ambo yake, kwenye vilima vinavyoutazama mji na Ziwa Tanganyika, ndiko Vugizo, alikozikwa Louis Rwagasore. Mimi ni mkazi wa mtaa huu, na kwa kuwa kaburi lile haliko mbali, nimezoea kuisoma historia ya nchi yetu kwa kurudi nyuma: kutoka kwa kijana aliyeuawa akiwa waziri mkuu kwa majuma mawili tu, hadi kwa mzee aliyekubali masharti ya Wajerumani pale Kiganda, miaka 58 kabla yake. Wawili hao ni wa ukoo mmoja. Mwezi Gisabo alimzaa Mutaga, Mutaga akamzaa Mwambutsa, Mwambutsa akamzaa Rwagasore. Vizazi vinne, na kila kizazi kilikuwa na mkubwa wake wa kushughulika naye.

Mwezi Gisabo alitawala kwa zaidi ya nusu karne, na kwa sehemu kubwa ya muda huo hakuhitaji rafiki wa nje. Pwani ilikwisha kuingiliwa, Unyamwezi ulikwisha kuwa njia ya misafara, Ujiji ulikuwa mji wa wafanyabiashara wa pembe na watumwa, lakini Burundi ilibaki imefungwa. Mohamed bin Khalfan, ambaye watu walimwita Rumaliza, alijaribu kupanda milimani kutoka ziwani na akarudishwa. Sisi tunaozungumza Kiswahili tuikumbuke habari hii bila kuipamba. Kabla ya bendera yoyote ya Ulaya, wa kwanza kuitaka nchi hii kwa nguvu ya bunduki walizungumza lugha tunayoizungumza leo, na waliowazuia walikuwa na mikuki na pinde.

Mwaka 1892 Oscar Baumann, msafiri kutoka Austria, aliikatiza nchi akitokea mashariki, na umati wa watu ukamlaki kwa ngoma na vigelegele. Walidhani ni mfalme wa kale aliyerejea. Mwami, yaani mfalme mwenyewe, hakujitokeza. Ndivyo alivyowafanyia Wazungu kwa miaka mingi: hakuwapiga wala hakuwapokea, aliwaacha watembee katika nchi ambayo mwenyewe haonekani. Lakini ramani zilikwisha kuchorwa bila yeye kuulizwa. Mkataba wa mwaka 1890 kati ya Uingereza na Ujerumani, ule ulioiweka Zanzibar chini ya Waingereza, uliiacha Burundi ndani ya Afrika Mashariki ya Wajerumani. Mwaka 1897 askari wa Kijerumani wakajenga boma kando ya ziwa, mahali palipoitwa Usumbura, na kuanzia hapo kutoonekana hakukutosha tena.

Wajerumani wale walikuwa wachache mno. Maofisa wa kuhesabika kwa vidole na kikosi kidogo cha askari wasingeweza kuitawala nchi ya milima yenye watu wengi kiasi kile. Walichohitaji ni mtu wa kuwafungulia mlango kwa ndani, nao wakampata, tena si mmoja. Kaskazini-magharibi alikuwapo Kilima, aliyedai kuwa naye ni wa damu ya kifalme. Wa pili alikuwa Maconco, mkwe wa Mwezi mwenyewe, aliyemwoa binti yake kisha akamgeukia. Masimulizi ya wazee yanasema ugomvi wao ulianza kwa sababu ya mbwa. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Aliyeutumia ugomvi huo ni Kapteni Robert von Beringe, mkuu wa boma la Usumbura. Jina lake linajulikana duniani kwa jambo jingine kabisa: Oktoba 1902, kwenye mlima Sabinyo, aliwapiga risasi sokwe wakubwa wawili, na wataalamu wakawapa wanyama wale jina lake. Mwaka uliofuata akaelekeza bunduki kwa mwami. Gavana wake, von Götzen, alikuwa na siasa nyingine. Götzen alikwisha kuivuka Rwanda mwaka 1894, akaona ufalme uliopangika, na akaamini kwamba nchi za namna hiyo zitawaliwe kupitia wafalme wake. Beringe hakungoja. Akaungana na Kilima na Maconco, wakachoma, wakateka, wakamwandama mzee kutoka kilima hadi kilima.

Tarehe 6 Juni 1903, pale Kiganda, Mwezi Gisabo alijitokeza. Alikubali mamlaka ya Wajerumani. Alikubali kulipa faini ya zaidi ya ng'ombe 400 kutoka katika mifugo yake. Alikubali kwamba Kilima na Maconco si watu wake tena, kila mmoja ana nchi yake. Aliahidi kutoigusa misheni ya Mugera na kuiacha wazi njia ya kutoka Usumbura kwenda Muyaga. Kwa malipo ya hayo yote, Wajerumani walimtambua kuwa mwami wa Burundi. Yaani alipewa kile alichokuwa nacho tangu ujana wake.

Shuleni tulifundishwa kwamba siku ile Burundi ilishindwa. Sikatai. Lakini tazama kilichofuata. Götzen alikasirika, Beringe akaondolewa, na mkuu mpya, von Grawert, akageuza kila kitu. Wajerumani walikuwa wamekwisha kuelewa kwamba nchi iliyovunjwa vipande vitatu ni kazi mara tatu. Mwaka 1905, mwaka ambao kusini ya koloni lao iliwaka moto wa Maji Maji, walimnyonga Maconco. Kilima naye alikamatwa akapelekwa uhamishoni. Rafiki wa jana alitundikwa kambani na rafiki yake, na adui wa jana akarudishiwa nchi yake nzima. Mwezi alifariki mwaka 1908 akiwa bado mwami, na ufalme wake ulikuwa mpana kuliko ulivyokuwa siku ya Kiganda.

Kwa hiyo nani alimtumia nani? Mimi naamini mzee alijua alichokifanya. Lisilo budi hutendwa. Alinunua muda, na muda ulimlipa. Ila kuna deni ambalo hakuliona, au aliliona akaliachia watoto wake: tangu siku ile kiti cha enzi kilisimama juu ya bunduki ya mgeni. Kabla ya Kiganda, mwami aliyewachosha watu wake aliweza kupingwa na watu wake. Baada ya Kiganda, aliyetaka kumpinga mwami alipaswa kwanza kumpata Mzungu wa upande wake.

Hali hiyo haikuwa ya Burundi peke yake. Zanzibar, masultani walioingia chini ya ulinzi wa Waingereza mwaka 1890 waligundua miaka sita baadaye maana ya neno ulinzi, pale Khalid bin Barghash alipokaa kitini bila idhini na manowari zikaipiga kasri kwa muda usiofika saa nzima. Buganda ilitia saini mkataba wake mwaka 1900, machifu wakagawiwa ardhi, na kwa miaka 50 Waganda wengi waliamini kwamba wao ni washirika wa Waingereza na si watawaliwa, hadi gavana alipompandisha Kabaka Mutesa II kwenye ndege mwaka 1953 akampeleka Uingereza. Kila mfalme alidhani mkataba wake ni tofauti. Kwa Burundi palikuwa na jambo la ziada: mkubwa mwenyewe alibadilika katikati ya safari.

Juni 1916 majeshi ya Ubelgiji yaliingia yakitokea Kongo, wapagazi na askari wengi wao wakiwa Waafrika, na Wajerumani wakarudi nyuma kuelekea Tabora. Kwenye kiti cha enzi alikuwapo mtoto mdogo, Mwambutsa, aliyetawazwa mwaka uliotangulia baada ya kifo cha baba yake Mutaga. Wabelgiji hawakuja kwa sababu waliipenda Burundi. Walikusudia kuibadilisha: waiachie Uingereza nchi walizoziteka, na kwa mzunguko wa mabadilishano wajipatie ardhi ya Wareno kwenye mlango wa mto Kongo. Mpango haukufanikiwa. Kwa mapatano ya Mei 1919 kati ya Orts wa Ubelgiji na Milner wa Uingereza, Rwanda na Burundi zikabaki mikononi mwa Wabelgiji. Bugufi, kipande cha ufalme wa Burundi upande wa mashariki, kilikatwa kikapewa Tanganyika, na leo ni sehemu ya Ngara. Mwami alikuwa mtoto, wazee wa ufalme walilalamika, na mpaka ukabaki palepale ulipo.

Shirikisho la Mataifa likaiita hali hiyo amana takatifu. Mwaka 1925 sheria ya Ubelgiji ikaiunganisha Ruanda-Urundi, yaani Rwanda na Burundi, na Kongo kiutawala. Kisha likaja jambo ambalo kwangu ni zito kuliko vita vya Beringe, ingawa halikufyatua risasi hata moja. Wabelgiji waliona nchi ina watemi wengi mno, vyeo vya kurithi vilivyofungamana na mila ambazo hawakuzielewa, wakaamua kupanga upya. Mwaka 1929 Burundi ilikuwa na watemi 133, na kati yao 27 walikuwa Wahutu. Mwaka 1933 watemi walibaki 46, Wahutu wakiwa wachache tu. Mwaka 1945 walibaki 35, na Mhutu hakuwapo hata mmoja. Hesabu hiyo iliandikwa ofisini, kwa kalamu, na watu walioamini kwamba wanatengeneza utawala bora. Wakulima wa Ndora waliinuka mwaka 1934 wakiongozwa na mwanamke aliyeitwa Inamujandi, wakashindwa. Waganwa, watu wa ukoo wa kifalme, walipata nafasi zilizoachwa wazi, na hasa Pierre Baranyanka wa tawi la Batare, ambaye Pierre Ryckmans, Mkaazi yaani mwakilishi mkuu wa Ubelgiji nchini, alimpenda na kumwinua. Batare na Bezi walikuwa na ugomvi wa zamani wa urithi. Mwami Mwambutsa alikuwa wa tawi la Bezi. Mlango ulikuwa uleule, na safari hii uliachwa wazi kwa miaka 30.

Baada ya Vita vya Pili mambo yakachukua sura mpya. Desemba 1946 Ruanda-Urundi iliwekwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, na mkataba wa Umoja huo ulitamka wazi kwamba mwisho wa udhamini ni kujitawala au uhuru. Ubelgiji ilitia saini. Sidhani ilikusudia jambo hilo litimie haraka, lakini neno lilikwisha kuandikwa, na kila baada ya miaka mitatu ujumbe kutoka New York ulikuja kukagua. Mkongomani hakuwa na mtu wa kumwandikia barua. Mrundi alikuwa naye.

Rwagasore alizaliwa Gitega mwaka 1932. Alisoma Astrida, Rwanda, kisha Antwerp, Ubelgiji, na aliporudi mwaka 1956 angeweza kukaa kama mwana wa mfalme anayesubiri zamu yake. Badala yake alikwenda sokoni. Mwaka 1957 alianzisha vyama vya ushirika vya wafanyabiashara na wakulima, ili kahawa na pamba zisiuzwe kwa bei ya kupangiwa. Usumbura waliomwunga mkono mapema walikuwa Waswahili wa Buyenzi: wachuuzi, wavuvi, mafundi cherehani, Waislamu ambao utawala uliwahesabu kuwa wageni hata kama wamezaliwa hapa. Watu hao walikwisha kuonja kugombana na serikali. Katika miaka ile ile ya 1950 wanawake wa Buyenzi walikuwa wamekataa kodi waliyotozwa wanawake wasio na waume. Ukitaka kujua kwa nini Kiswahili kilikuwa moja ya lugha za uhuru wa Burundi, usianzie ikulu. Anzia Buyenzi, barabara za mchanga, redio moja nyumba kumi.

Ushirika ulipopata matatizo ya fedha, Wabelgiji walitaka wausimamie wenyewe. Rwagasore akatafuta msaada kwingine, na hapo ndipo jina la Julius Nyerere linapoingia. TANU, chama cha Nyerere, ilimsaidia Rwagasore na chama chake cha Uprona kwa fedha na kwa ushauri. Nataka msomaji alipime jambo hili. Tanganyika ya wakati ule nayo ilikuwa nchi ya udhamini, isiyo na jeshi wala hazina. Ilikuwa maskini anamkopesha maskini. Mshirika wa namna hiyo hana uwezo wa kukununua, na nadhani ndiyo sababu urafiki huo haukuacha deni. Rwagasore alijifunza pia kutoka TANU jinsi ya kufanya chama kisiwe cha kabila: Paul Mirerekano na Pierre Ngendandumwe, Wahutu, walikuwa pamoja naye mbele, si nyuma.

Upande wa pili kilikuwapo Chama cha Kidemokrasia cha Kikristo, PDC, cha wana wawili wa Baranyanka, Joseph Biroli na Jean-Baptiste Ntidendereza. Ni rahisi kuwaita vibaraka na kupita. Biroli alikuwa mmoja wa wasomi wa kwanza wa nchi hii, na hoja yao ilikuwa na uzito: nchi ndogo, isiyo na bahari, isiyo na madaktari wala wahandisi wake, ikimfukuza mkubwa mapema itaangukia kwa mkubwa mwingine mbaya zaidi. Walitaka hatua kwa hatua, demokrasia kwanza, uhuru baadaye. Wengi barani walisema hivyo na si wote walikuwa wanunuliwa. Kosa lao ni kwamba hawakumuuliza mkubwa atataka nini siku wananchi watakapochagua wengine.

Mwaka 1960 serikali ya Ubelgiji ilionyesha wazi anayempenda. Ilipiga marufuku ndugu wa karibu wa mwami kushiriki siasa, sheria iliyomlenga mtu mmoja. Oktoba ikamweka Rwagasore kizuizini Bururi, na kura za mitaa zikapigwa Novemba na Desemba akiwa huko. PDC ikapata viti 942 na Uprona 545, katika viti 2876. Kura zilipokwisha, wakamwachia. Januari 1961 wanajeshi wa Mobutu wa Kongo walipitishwa Usumbura kwenda kuishambulia Bukavu, ndani ya nchi ya udhamini ambayo ilipaswa kuwa salama, na Umoja wa Mataifa ukalaani. Siku chache baadaye Lumumba, waziri mkuu wa Kongo aliyeondolewa, akauawa Katanga. Kila aliyekuwa na macho hapa mjini alielewa kwamba wanasiasa wa upande usiopendwa wanaweza kufa.

Lakini barua zilikwisha kuandikwa New York. Baraza Kuu liliona uchaguzi ule haukuwa wa haki, likaagiza mwingine ufanyike mbele ya wasimamizi wake, na tume ikaja ikiongozwa na Max Dorsinville wa Haiti. Huyu naye alitoka nchi ndogo iliyomjua mkubwa kwa uchungu. Tarehe 18 Septemba 1961 Warundi walipiga kura, wanawake na wanaume. Uprona ilipata viti 58 kati ya 64.

Hata leo nikiusoma ushindi huo moyo hunipanda. Hakuna bunduki iliyotumika. Kijana wa miaka 29 alikuwa amewashinda watu waliokuwa na serikali, fedha na magari, na aliwashinda kwa kanuni walizozitia saini wenyewe. Mwisho wa mwezi akawa waziri mkuu.

Usiku wa tarehe 13 Oktoba alikuwa akila chakula Hotel Tanganyika, kando ya ziwa, pamoja na wenzake. Mgiriki mmoja mkazi wa Usumbura, Jean Kageorgis, alimpiga risasi kutoka gizani. Uchunguzi uliwafikia upesi watu wa PDC, Ntidendereza na Biroli wakiwamo. Kageorgis alihukumiwa kifo akapigwa risasi tarehe 30 Juni 1962, siku moja kabla ya uhuru, Ubelgiji ikiwa bado na mamlaka. Wengine walihukumiwa upya na mahakama za Burundi huru, na Januari 1963 Ntidendereza, Biroli na wenzao watatu walinyongwa hadharani Gitega. Swali la Ubelgiji lilihusika kwa kiasi gani halikufikishwa mbele ya jaji yeyote. Mwaka 2021 mwanahistoria Mbelgiji Ludo De Witte alichapisha utafiti wake kutoka nyaraka za nchi yake, akaonyesha jinsi Roberto Régnier, Mkaazi wa Ubelgiji hapa, alivyokuwa amezungumza mbele ya wasaidizi wake juu ya kuuawa kwa Rwagasore. Mimi si jaji. Lakini mtu mzima anayewakilisha dola akisema maneno hayo mbele ya wanaomtegemea, hasemi upepo.

Fikirini, ndugu zangu, familia zile mbili. Kiganda, Maconco aliletewa bunduki za wageni dhidi ya baba mkwe wake, na wageni walewale wakamnyonga. Gitega, wana wa Baranyanka walinyongwa, na Ubelgiji iliyowainua haikuweza au haikutaka kuwaokoa. Bezi walimpoteza Rwagasore, Batare wakawapoteza wana wao, na aliyewaweka uso kwa uso alikuwa amekwisha kufunga mizigo. Umoja wa Mataifa ulikuwa umeagiza askari wa Kibelgiji waondoke ifikapo tarehe 1 Agosti 1962.

Miaka iliyofuata nitaipita haraka, ingawa iliumiza zaidi. Uprona bila Rwagasore iligawanyika bungeni makundi mawili, na watu wakayaita Casablanca na Monrovia, majina ya miji yalimokutana mataifa ya Afrika yaliyokuwa yakivutana. Hata ugomvi wetu tuliupa majina ya mbali. Bujumbura, yaani Usumbura ya zamani, mji mdogo, ukawa kiwanja cha wakubwa wapya. China ilifungua ubalozi baada ya kutambuliwa Desemba 1963. Waasi wa Kongo wa Gaston Soumialot walijipanga humu kabla ya kuiteka Uvira mwaka 1964. Mwezi Mei mwaka huohuo mwanadiplomasia kijana wa China, Tung Chi-ping, alitoroka akakimbilia ubalozi wa Marekani. Tarehe 15 Januari 1965 Ngendandumwe, aliyekuwa ameteuliwa tena waziri mkuu siku nane tu kabla, aliuawa akitoka hospitali kumwona mke wake aliyejifungua. Aliyetuhumiwa alikuwa mkimbizi wa Kinyarwanda aliyefanya kazi ubalozi wa Marekani. Mwambutsa akawafukuza Wachina mwezi uleule. Mwaka mmoja baadaye balozi wa Marekani naye akaambiwa aondoke. Mwami alikuwa akijaribu kufanya alichofanya babu yake, kumpunguza huyu kwa yule, lakini Mwezi Gisabo alikuwa na milima ya kujificha na watu waliomfuata. Mwambutsa aliishia Uswisi. Tarehe 28 Novemba 1966 Kapteni Michel Micombero alitangaza jamhuri, na tarehe hiyo ikawa jina la barabara kubwa hapa mjini, kama Mwezi Gisabo alivyo na barabara yake, na Rwagasore yake.

Hesabu ile ya watemi, 27 ikawa sifuri, haikuondoka na Wabelgiji. Ilibaki majeshini, shuleni na vijijini. Mwaka 1965 ilimwaga damu, na mwaka 1972 iliwamaliza watu maelfu kwa maelfu, wasomi wa Kihutu wakichukuliwa madarasani na maofisini. Waliofanya hayo walikuwa Warundi, na hakuna Mbelgiji atakayetubebea dhambi hiyo. Lakini nitakapowaeleza wanangu jinsi jirani alivyojifunza kumhesabu jirani, nitaanza na karatasi za mwaka 1929.

Agosti 2020 Seneti ya Burundi ilidai fidia kutoka Ujerumani na Ubelgiji, euro bilioni 36, pamoja na kurudishiwa nyaraka za utawala wa kikoloni. Magazeti yote yaliandika kiasi cha fedha. Mimi niliangalia sehemu ya pili ya dai. Fedha hata zikilipwa zitakwisha. Nyaraka ndimo mlimo ripoti za Usumbura, barua za Mkaazi, maneno yaliyosemwa mezani Oktoba 1961, na pengine majina ya wazee wa Bugufi waliokataa mpaka. Mjukuu wa mchuuzi wa Buyenzi akitaka kujua mkoloni aliandika nini juu ya babu yake, apande ndege hadi Brussels, akipata viza.

Bunge la Ubelgiji liliunda tume ya kuchunguza historia yake Kongo, Rwanda na Burundi. Tume ilikaa zaidi ya miaka miwili, ikasikiliza wataalamu mamia, ikafunga kazi tarehe 19 Desemba 2022 bila kupiga kura, kwa sababu vyama havikukubaliana juu ya neno moja: samahani. Kila tarehe 13 Oktoba Bujumbura hupumzika, mashada ya maua hupelekwa Vugizo, na sisi wa upande huu wa Ntahangwa tunayatazama magari yakipanda kilimani moja baada ya jingine.